Gari lililotembea sana: Ni oili ipi ya sintetiki inayofaa injini kongwe za Busia na Tororo?

Kila alfajiri, kabla jua halijaupiga mwamba wa Tororo, madereva wa magari ya abiria katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba hufungua boneti, huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta kwa kitambaa na kukichomeka tena. Wengi hukuta oili imepungua. Hununua chupa ndogo kwenye duka la jirani, huongeza, hufunga boneti, na safari huanza. Kesho yake mambo huwa yale yale.

Kwa mwenye Toyota Probox iliyokwisha kutembea kilomita 280,000, gari ambalo ndilo karo ya watoto, kodi ya nyumba na marejesho ya mkopo wa chama cha akiba, swali la oili gani imiminwe katika injini haliwezi kuachiwa fundi peke yake. Injini ikikwama, gari hulazwa gerejini kwa majuma, abiria huhamia kwa mwingine, na gharama ya kuifungua na kuiunda upya huweza kumeza mapato ya miezi mingi.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa urahisi. Maduka ya vipuri pande zote mbili za mpaka yamejaa makopo yenye maneno ya kuvutia: sintetiki kamili, nusu sintetiki, maalumu kwa magari yaliyotembea sana. Muuzaji husifu ile yenye faida kubwa kwake. Fundi hushauri ile aliyozoea tangu enzi za magari ya zamani, ambayo mara nyingi huwa 20W-50, nzito kama asali. Mwenye gari hubaki katikati.

Magari yanayofika yakiwa yamekwisha kula chumvi

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotumika katika eneo hili hutoka Japani yakiwa yametumika, hushushwa katika bandari ya Mombasa, na yale ya Uganda huvuka mpaka Malaba au Busia. Sheria za nchi mbili hizi hazifanani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, ilipiga marufuku magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo gari lisiloruhusiwa kusajiliwa Nairobi linaweza kupita katika ardhi ya Kenya kihalali, likiwa safarini, na kwenda kusajiliwa Kampala. Ndiyo maana upande wa Tororo mtu hukutana na injini kongwe zaidi kuliko zile za upande wa pili wa mpaka.

Jambo la pili ni ukweli wa kilomita zenyewe. Namba inayoonekana kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, na biashara hiyo si ngeni katika soko la magari yaliyotumika popote duniani. Mnunuzi mwenye busara huomba nakala ya cheti cha usafirishaji kilichotolewa Japani, kwa kuwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa lazima nchini humo huandikwa humo. Gari lenye kilomita 90,000 kwenye dashibodi na 170,000 kwenye cheti halistahili kuhudumiwa kama gari la kilomita 90,000.

Kipi hasa hubadilika injini inapozeeka? Kwanza, nafasi kati ya vyuma vinavyosuguana huongezeka, hasa kwenye beringi za krenki na kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Oili hupita kwa wepesi zaidi katika nafasi hizo, na shinikizo lake hushuka. Pili, ringi za pistoni zinazokwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda hujaa masizi na kuganda katika vijia vyake. Oili hubaki juu, hupanda katika chumba cha mwako na kuungua. Tatu, sili za mpira hukauka na kuwa ngumu, oili ikapata njia ya kutoka nje.

Kuna injini ambazo udhaifu huo zilizaliwa nao. Injini ya Toyota ya lita 1.8 ijulikanayo kama 1ZZ-FE, iliyofungwa katika magari mengi ya aina ya Corolla, Spacio na Allion, inafahamika kwa mafundi kuwa mnywaji wa oili, hasa zile zilizotengenezwa kabla ya pistoni zake kufanyiwa mabadiliko katikati ya miaka ya 2000. Matundu ya kurudishia oili katika pistoni za awali yalikuwa madogo na machache, yakaziba kwa urahisi. Hakuna oili, iwe ya bei gani, inayoweza kupanua tundu lililotobolewa dogo kiwandani.

Namba kwenye chupa zinasema nini

Maandishi kama 5W-30 yanatokana na utaratibu wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichoundwa mwaka 1905. Hupima mnato, yaani jinsi oili inavyokataa kutiririka; mafundi wengi huuita uzito. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inahusu baridi. Oili ya 5W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini iwake katika nyuzijoto 30 chini ya sifuri, 10W katika 25 chini ya sifuri, na 20W katika 15 chini ya sifuri. Busia na Tororo, zilizo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hazijui baridi ya namna hiyo. Asubuhi yenye ukungu hapa bado ni joto la kiangazi kwa mtu wa Sapporo.

Je, ina maana namba hiyo ya kwanza haina kazi katika Afrika Mashariki? La. Hata katika nyuzijoto 18 za alfajiri, oili ya 20W-50 ina mnato unaozidi mara mbili ule wa 5W-30. Sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndizo zinazokwangua vyuma zaidi, kwa sababu oili iliyoshuka chini usiku kucha bado haijafika juu kwenye mhimili wa kamu. Oili nyepesi hufika mapema. Tena, injini nyingi za Toyota zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zina mfumo wa VVT-i, unaogeuza wakati wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia shinikizo la oili lenyewe, kupitia valvu ndogo yenye vijia vyembamba na chujio jembamba. Ukimimina humo oili nzito, mfumo huchelewa kuitika, na ikiwa pana masizi, hukwama kabisa.

Namba ya pili ndiyo ya kutazamwa zaidi na mwenye injini kongwe. Huonyesha mnato oili inapokuwa na joto la nyuzi 100, ambalo ndilo joto la kawaida la kazi. Oili ya daraja la 30 inatakiwa kuwa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40, kati ya 12.5 na 16.3, ya 50, kati ya 16.3 na 21.9. Kwa lugha nyepesi, kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo utando wa oili kati ya vyuma ulivyo mnene injini ikiwa ya moto. Kwa beringi zilizolika, unene huo wa ziada husaidia kurejesha shinikizo. Kwa injini ambayo bado imebana, huongeza msuguano na matumizi ya petroli bila faida yoyote.

Mahali pengine pa kutazama ni herufi mbili za taasisi ya petroli ya Marekani, API. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zile za C ni za dizeli. Katika mfuatano wa S, kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya: SL ni ya mwaka 2001, SM ya 2004, SN ya 2010 na SP ya 2020. Kiwango kipya hufaa katika injini ya zamani ya petroli ya aina tunayoijua hapa. Kinyume chake hakifai. Chupa yenye herufi SF au SG, ambazo bado huonekana katika baadhi ya maduka, imebeba teknolojia ya miaka ya 1980, hata kama kibandiko chake kinang'aa.

Wapo madereva wanaomimina katika gari la petroli oili ya malori ya 15W-40, kwa hoja kwamba iliyo na nguvu ya kubeba tani 30 hadi Kampala haiwezi kushindwa na Premio. Oili nyingi za malori zimepimwa kwa matumizi yote mawili na huandikwa herufi za C na S kwa pamoja. Zikiwa na herufi za S zinazofaa hazitaharibu injini kwa siku moja wala mbili. Lakini fosforasi yake huwa nyingi zaidi, na oili hiyo inapoungua, huchafua kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi.

Sintetiki ni kitu gani

Oili ya kawaida, ya madini, husafishwa kutoka petroli ghafi, na molekuli zake ni mchanganyiko wa ndogo na kubwa, za kila umbo. Oili ya sintetiki hutengenezwa au huundwa upya kiwandani ili molekuli zifanane. Kufanana huko ndiko kunakoifanya isigeuke sana kati ya baridi na joto, isivukizwe haraka, na isigeuke tope upesi inapochemka. Ujerumani iliwekeza katika vilainishi vya namna hii kabla na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilipobanwa na uhaba wa petroli. Baada ya vita, injini za ndege za jeti haziwezi kufanya kazi bila oili za aina hiyo. Kwa magari ya watu wa kawaida zilianza kuuzwa miaka ya 1970.

Hapa pana jambo ambalo matangazo hayalisemi. API imeyagawa mafuta ya msingi katika makundi matano. Kundi la kwanza na la pili ni ya madini. Kundi la tatu ni ya madini pia kwa asili, lakini yaliyopitishwa katika hidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa hadi yakabadilika umbo. La nne ni ya sintetiki kwa maana halisi, yajulikanayo kwa kifupi kama PAO. La tano hujumuisha aina nyinginezo, zikiwemo esta. Mwaka 1999 chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo nchini Marekani kiliamua, katika shauri kati ya Mobil na Castrol, kwamba oili ya kundi la tatu inaweza kuitwa sintetiki. Tangu hapo chupa nyingi zenye neno hilo duniani ni za kundi la tatu. Ujerumani ina msimamo mkali zaidi kuhusu neno hilo, na hutumia jina tofauti kwa kundi la tatu.

Hilo halimaanishi kwamba mnunuzi wa Busia ametapeliwa. Oili nzuri ya kundi la tatu inatosha kabisa kwa Probox. Linamaanisha tu kwamba neno sintetiki peke yake halithibitishi ubora. Herufi za API na jina la mtengenezaji anayeaminika zina uzito zaidi. Neno nusu sintetiki lina uzito mdogo hata kuliko hilo, kwa kuwa hakuna kipimo kinacholazimisha kiasi cha sintetiki kilichomo.

Oili zilizoandikwa kuwa za magari yaliyotembea sana ni tawi jipya. Valvoline ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 2000, na kizingiti kinachotumika katika soko hilo ni maili 75,000, yaani kama kilomita 120,000. Ndani yake huongezwa kemikali, mara nyingi esta, zinazolainisha na kuvimbisha kidogo sili zilizokauka, pamoja na sabuni zaidi ya kusafisha masizi. Kwa kawaida mnato wake pia huwekwa karibu na ukomo wa juu wa daraja lake. Kwa gari linalotoa jasho dogo la oili kwenye sili, ni chaguo lenye mantiki. Sili iliyopasuka haiponi kwa oili.

Hofu ya uvujaji

Katika gereji za Tororo, kama zilivyo za Eldoret na Mbale, kuna onyo linalorudiwa: usiweke sintetiki katika gari la zamani, itavuja. Onyo hilo lina chembe ya historia. Oili za mwanzo za PAO katika miaka ya 1970 zilisinyaza sili za mpira, na magari yakavuja kweli. Watengenezaji waliongeza esta, tatizo likaisha. Kinachotokea leo ni kingine: injini iliyoendeshwa miaka mingi kwa oili duni hujenga tope jeusi linaloziba nyufa za sili. Oili mpya yenye sabuni nyingi huliyeyusha tope hilo, na nyufa zilizokuwepo muda wote hufichuka.

Kwa sababu hiyo, gari lenye historia isiyojulikana lisihamishwe kwa pupa. Fundi afungue kifuniko cha kumiminia oili na kumulika ndani kwa tochi. Akiona vyuma vya rangi ya kahawia au dhahabu, injini iko salama kuhamia sintetiki mara moja. Akiona ukoko mweusi kama masizi ya sufuria, ni heri kutumia oili ya sintetiki ya bei ya wastani na kuibadilisha mapema, baada ya kilomita 1,500 hadi 2,000, pamoja na chujio lake, mara mbili au tatu, ili uchafu utoke kidogo kidogo.

Kinachopaswa kukomeshwa ni mazoea ya kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa: kuyamimina, kuwasha gari kwa dakika chache, kisha kumwaga. Dizeli hung'oa vipande vya tope kwa mkupuo. Vipande hivyo hushuka na kuziba wavu wa pampu ya oili, taa nyekundu huwaka, na beringi hukauka. Injini nyingi zilizokufa siku mbili baada ya servisi zilikufa hivyo, na lawama ikatupiwa oili mpya.

Kabla ya kununua, injini iulizwe

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Gari lisimamishwe mahali tambarare, oili ijazwe hadi alama ya juu, kilomita ziandikwe. Baada ya kilomita 1,000 mwenye gari aangalie imepungua kiasi gani. Toyota, iliposhughulikia malalamiko ya wateja wa Marekani kuhusu injini ya 2AZ-FE, iliweka mstari katika upungufu wa kwati moja, yaani karibu lita moja, kwa kila maili 1,200, ambazo ni kama kilomita 1,900. Ikizidi hapo, ilihesabiwa kuwa kasoro. Injini ya Probox ya lita 1.5 hubeba chini kidogo ya lita 4 tu. Ikipoteza lita moja, robo na zaidi imekwenda, na iliyobaki hufanya kazi ya waliokufa.

Moshi nao husema. Moshi wa buluu unaotoka gari linapowashwa asubuhi kisha ukapotea huashiria sili za valvu. Unaotoka kila mara gari linapokanyagwa mlimani huashiria ringi za pistoni. Kabla ya kuhukumu ringi, hata hivyo, fundi aikague valvu ndogo ya kupumulia ya PCV iliyo juu ya injini. Ikiziba, shinikizo hujaa ndani na kuisukuma oili kwenye njia ya hewa. Kipuri hicho ni cha bei ndogo, kubadilishwa kwake huchukua dakika chache, na wapo waliofungua injini nzima kumbe tatizo lilikuwa hapo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko ni habari nyingine: maji ya rejeta huenda yameingia, na suala la kuchagua oili lisubiri kwanza.

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua chupa. Injini isiyopunguza oili, isiyovuja, na ambayo taa yake ya oili haipepesi inapokuwa ya moto, haina sababu ya kuacha 5W-30 iliyotajwa na kitabu chake, hata ikiwa na kilomita 250,000. Kilomita nyingi si ugonjwa. Inayopunguza kidogo, tuseme chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000, au inayopiga kelele kidogo za valvu baada ya safari ndefu, inaweza kupandishwa daraja moja, hadi 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki, ikiwezekana ile ya magari yaliyotembea sana. Hilo ndilo chaguo linalofaa magari mengi ya abiria ya mpakani.

Kwa injini inayokunywa lita moja kila wiki, sintetiki ya bei kubwa ni pesa inayopaa kupitia ekzosi. Mwenye gari hilo atumie oili ya madini iliyo halisi ya 15W-40 au 20W-50, aongeze kila siku, na tofauti ya bei aiweke akiba ya ringi mpya. Muuzaji wa oili hatamwambia hivyo.

Foleni, vumbi na petroli iliyochanganywa

Vituo vya pamoja vya mpakani vimepunguza muda wa kusubiri. Cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018, na msafiri sasa hukaguliwa katika nchi anayoingia tu. Hata hivyo foleni bado zipo, hasa siku za soko na sikukuu. Injini inayonguruma kwa saa nzima bila kusogea haiongezi hata kilomita moja kwenye dashibodi, lakini oili yake inazeeka. Ford imekuwa ikiwaambia wanunuzi wa magari yake ya kazi waihesabu saa moja ya namna hiyo kuwa sawa na makumi ya kilomita barabarani. Safari fupi fupi za mjini nazo huacha unyevu na petroli ndani ya oili, kwa sababu injini haipati joto la kutosha kuvikausha.

Vumbi jekundu la barabara za vijijini ni silika, ngumu kuliko chuma cha ringi. Likipita kwenye chujio la hewa lililochanika, oili bora kuliko zote hugeuka msasa. Fundi anayelipiga chujio ukutani ili kutoa vumbi hulitoboa bila kujua. Kwa gari linalokwenda kila siku kwenye murami, chujio jipya la hewa lina thamani kuliko kuhama kutoka nusu sintetiki kwenda sintetiki kamili.

Halafu kuna petroli yenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, hatua iliyopunguza tindikali ndani ya oili. Lakini mafuta yanayovushwa kwa madumu kupitia njia za panya hayana mdhamini. Kuchanganywa kwa mafuta ya taa kulikuwa kumekithiri hivi kwamba Kenya, mwaka 2018, iliyatoza mafuta hayo ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa kishawishi. Mafuta ya taa yasiyoungua vizuri hushuka kwenye oili na kuipunguza mnato. Dereva anayenunua kwenye madumu kando ya barabara ananunua pia oili nyepesi kuliko iliyoandikwa kwenye chupa yake.

Kwa mazingira hayo, ahadi ya kilomita 15,000 kabla ya kubadilisha oili haifai kunakiliwa. Toyota yenyewe, katika maelekezo yake ya Japani, hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida ya injini za petroli zisizo na tabo, na huipunguza nusu, kilomita 7,500 au miezi 6, kwa matumizi magumu. Vumbi na safari fupi zimo katika orodha hiyo ya ugumu. Kwa gari kongwe la abiria, sintetiki ibadilishwe kati ya kilomita 5,000 na 7,000. Chujio la oili libadilishwe kila mara. Kumwaga oili na kuacha chujio ni kuoga na kuvaa nguo chafu.

Chupa halisi na chupa ya kuigiza

Uganda ya miaka ya 1970 iliwaita matajiri wa ghafla mafuta mingi, na magendo ya mpaka huu yakawa maarufu kote. Leo miongoni mwa vinavyoigizwa ni oili za injini. Namna iliyo rahisi zaidi ni kuchuja oili iliyotumika, kuitia rangi na kuijaza katika makopo halisi yaliyookotwa gerejini. Ndani hakuna tena sabuni wala kemikali za kuzuia msuguano, na tindikali iliyozalishwa katika injini ya kwanza bado imo.

Macho husaidia kiasi. Pete ya kifuniko iwe haijakatika, karatasi ya ndani iwe imeganda sawasawa, na namba ya toleo iliyo kwenye chupa isomeke na isifutike kwa kidole. Oili inayonuka kuungua ikiwa bado mpya irudishwe. Upande wa Kenya chupa iwe na alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, ambayo uhalali wa namba yake unaweza kuhakikiwa. Upande wa Uganda, alama ya UNBS. Bei iliyo chini mno ya ile ya vituo vya mafuta vinavyojulikana ina maelezo yake, na maelezo hayo si tofauti ya thamani ya shilingi mbili. Risiti ihifadhiwe: bila risiti, hakuna pa kwenda kulalamika, Busia wala Tororo.

Mwenye gari mwenyewe anaweza kukata mnyororo huo kwa msumari. Baada ya oili kumiminwa, chupa tupu itobolewe tumboni papo hapo, mbele ya fundi, na karatasi ya kibandiko ikatwe. Oili ya zamani, badala ya kumwagwa kwenye mtaro unaoelekea Mto Sio na kutoka huko hadi Ziwa Victoria, irudishwe katika dumu na kupelekwa kwa mkusanyaji mwenye kibali, ambaye pia ataulizwa anakoipeleka.